Haimezi

Mwakio aliileta Jumatatu ndani ya blanketi la kijivu,
leseni na barua ya polisi zimekunjwa katika mfuko wa maziwa.
"Ya kwanza inameza," akasema.
"Ya pili inakwama kooni. Na nyati hangoji."

Mtutu waliubadilisha Nairobi mwaka juzi,
maana risasi zake za zamani, nene kama kidole gumba,
hakuna duka linaloziagiza tena.
Hizi mpya ni nyembamba, zina shingo na mabega,
za kizazi kingine.
Wakatia mtutu mpya, chemba mpya,
tumbo wakaliacha lilelile.
Mlango umehamishwa, njia imebaki pale pale.

Karakana yetu iko Makadara, nyuma ya muuza magodoro:
dirisha moja, jiliwa moja, kalenda ya mwaka uliokwisha.
Juu yake, ngazi kumi na tatu,
yuko babangu.
Kiharusi kilimchukua upande wa kulia katika Rajabu.
Uji anaupokea, anauzungusha,
kisha unateremka kidevuni polepole
kama mtu aliyekosea nyumba.
Bofulo lililolowa chai, vivyo hivyo.
Daktari alisema koo limesahau.

Natia risasi bubu, za shaba tupu,
nilizozichonga mwenyewe; hazina baruti, hazina kinyongo.
Nasukuma komeo.
Ya kwanza, laini, uzi katika tundu la sindano.
Ya pili inainamisha pua
inagonga ukuta chini ya chemba.
Tak.
Pale ilipogonga pana kovu, dogo, linang'aa.

Nikachukua tupa. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu.
Nilidhani penye kovu ndipo penye ugonjwa.
Sijapiga mara nne, dari likagongwa:
mkongojo, mara tatu, kwa hasira.
Babangu anaijua sauti ya tupa
na anajua ikiwa iko mahali sipo.

Nikapanda na bunduki tupu, na magazini mkononi.
Akaishika kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki naye.
Akatia risasi bubu moja, akaitikisa sikioni
kama mwenye kununua nazi.
Ilicheza. Ilikuwa na nafasi ya kucheza.
Akanitazama, akataka kusema,
neno likarudi lilikotoka.
Basi akanyoosha vidole viwili
akanibana midomo yangu.

Midomo, Gule. Midomo ya magazini.
Ilipasuliwa kwa ajili ya tonge kubwa,
sasa tonge ni dogo, linalegea, linainama.

Nikashuka. Nikaibana kwa koleo iliyovikwa ngozi,
unywele mmoja, nikajaribu.
Unywele wa pili: ikagoma kutoka kabisa.
Nikarudisha nusu.
Springi nayo ilikuwa imechoka, nikaibadilisha;
kisahani kinachosukuma nikakiinua mbele kidogo
ili risasi ije imeinua uso.
Muadhini wa Isha alipoanza nilikuwa bado nainama,
mafuta hadi kwenye kiwiko.
Tano zikapita. Nikarudia. Tano.

Usiku huo nilimkalisha wima, mito miwili mgongoni.
Kijiko kikubwa nikakiweka kando,
nikachukua kile cha dawa ya watoto.
Uji nikauzidisha unga, usikimbie mbele ya koo.
Nikampa kwa upande wa kushoto,
kidevu chini,
nikangoja.
Koo likapanda, likashuka.
La pili pia.
La tatu akapaliwa, akanirushia shingoni,
akacheka nusu ya kicheko.

Alhamisi Mwakio akaja, akahesabu noti mara mbili.
"Inameza?"
"Tano kwa tano. Kazijaribu za kweli uwanja wa shabaha, si hapa."
Juu, kikohozi, kirefu, chenye makoromeo.
Akatazama dari.
"Na huyo?"
"Mbili kwa tano," nikamwambia.
"Huyo bado yuko jiliwani."